Pindo ni Mbwa wa Nani?

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa wivu hana mpinzani. Usidhani mumewe ana mwanamke nje. Shangazi anamwonea mumewe wivu kwa sababu ya mbwa! Tena mbwa mwenyewe koko, sikio moja limesimama, jingine limelala.

Pindo aliokotwa na Shangazi mwenyewe, nyuma ya duka la vitambaa, kitoto kimejaa viroboto na kupe. Alimtoa kupe mmoja mmoja kwa kibano cha kuvutia nyuzi, akihakikisha hakuna kichwa kilichobaki kwenye ngozi. Akampeleka chanjo, akampa dawa ya minyoo, akawa anamsafisha masikio kwa pamba kila yakianza kunuka. Mimi nina saluni mlango wa pili kutoka kwake. Siku moja nilimrushia mbwa huyo mfupa wa kuku, weee! "Ukimkwama kooni utamzika wewe?" Shangazi alifoka mpaka wateja wangu wakachungulia nje.

Basi mumewe, fundi kufuli, magoti yakamsumbua, akaacha kazi akawa anashinda nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pindo akahamia miguuni pa mzee. Shangazi akiita, mbwa anatikisa mkia bila kunyanyuka. Jamani, mwanamke yule aliumia! Akishona, jicho moja liko kwenye sindano, jingine kibarazani. Akaanza kumnunulia Pindo maini. Pindo anakula, anajiramba, anarudi kwa mzee.

"Maini yangu anakula, halafu huyoo!" alinilalamikia. "Mwanangu, nimemkosea nini?"

"Shangazi, huyo ni mbwa."

"Najua ni mbwa! Na huyo wa miguu miwili anayemteka je?"

Jumapili alimkuta mzee anamchana Pindo manyoya kwa brashi ya Shangazi. Alimpokonya, akanuna. Chai anamwekea mezani kimya, chakula kimya.

Sasa, dawa ya kupe ilikuwa kazi ya Shangazi, kila mwanzo wa mwezi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mzee akawaza, ngoja nimpunguzie kazi, huenda atalegea. Asubuhi ya tarehe mosi, Shangazi alipotoka kupeleka sare za shule, yeye akachanganya dawa kwenye ndoo, akamwogesha Pindo vizuri.

Shangazi alirudi mchana, mbwa ameshakauka. Mzee amelala ndani. Kumwuliza chochote? Thubutu! Mtu amenuna, ataanzaje? Akachukua dawa ile ile, akazidisha kidogo ili Pindo ajue ni nani anayemjali, akamwogesha upya.

Haikupita muda mate yakaanza kumtiririka Pindo, miguu ikamlegea, mwili mzima ukawa unatetemeka. Shangazi alipiga ukelele, nikamwacha mteja na kichwa nusu. Tulimfunga mbwa kwenye kitambaa cha sare tukatoka mbio, mzee akichechemea nyuma yetu, hadi kwa daktari wa mifugo.

"Mmempa nini?"

Wanatazamana pembeni pembeni, kila mmoja ana uhakika kosa ni la mwenzake.

"Semeni jamani, mbwa anakufa huyu!" daktari akahimiza.

"Nilimwogesha dawa ya kupe asubuhi," mzee akasema.

Shangazi aligeuka polepole. "Na mimi nimemwogesha mchana."

Daktari hakupoteza muda kuwagombeza. Alimwosha Pindo kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, akamchoma sindano. Shangazi alishika kichwa cha mbwa, mzee akashika miguu, na kila Pindo alipotikisika Shangazi alilia kwa sauti bila kuona haya. Tulikaa hivyo mpaka kutetemeka kukapungua.

"Mmewahi, atapona," daktari akasema. "Lakini dawa hii ina muda wake wa kurudiwa, na kipimo kinafuata uzito wa mbwa. Siyo kila mtu anamimina tu."

Daktari alipotoka, Shangazi akalipuka. "Mbona hukuniambia umemwogesha?"

"Ningekuambia saa ngapi? Unanipita kama kiti."

"Mbwa unaongea naye kutwa nzima! Mimi mkeo nimekuwa nani? Ana nini huyu ambacho mimi sina?"

Mzee hakuinua kichwa. Mikono yake bado ilikuwa imeshika miguu ya Pindo.

"Hajawahi kuninunia, mama."

Shangazi alichukua taulo, akaanza kumfuta mzee povu la sabuni mikononi.