Walifuta Mluzi wa Baba

Hadi leo nikisikia kinanda kwenye filamu, damu inanichemka.

Vijana wa filamu walikuja kwetu Sibwesa kutoka mjini Mpanda, wakamwomba baba awe mchungaji kwenye hadithi yao. Hakupewa maneno ya kusema. Kazi yake ilikuwa kupiga mluzi ng'ombe warudi, jambo alilolifanya tangu ujana, familia ilipohamia huku na mifugo kutoka kaskazini. Kwetu kila mchungaji ana mluzi wake. Ukipiga wako, ng'ombe wa jirani hata masikio hawageuzi. Jioni ya kurekodi baba alipiga mara moja tu, wakaja wote. Fundi wa sauti alicheka kwa furaha, maiki mkononi. "Mzee, hiyo imeingia safi!"

Kabla filamu haijatoka, kiharusi kilimpinda baba mdomo. Akijaribu mluzi, inatoka pumzi tupu, na ng'ombe wanaendelea kula. Akabaki na hamu moja: ausikie tena kwenye filamu. Kila nikimpelekea uji ananiuliza, "Bado hawajaleta?"

Wakaleta. Tulikaa uani mbele ya runinga. Baba akatokea, akatia vidole mdomoni, mashavu yakajaa. Kikatoka kinanda! Nyuma yake wakalia ng'ombe wa kwenye kompyuta, na ndege ambaye sijui ni wa nchi gani.

Nilitoka nje ya boma, nikampigia simu mwongozaji, nikafoka. Akanifundisha kwa upole wa kuudhi: filamu ina sauti za aina nyingi, kuna mazungumzo, kuna vishindo vinavyobandikwa baadaye studio, kuna sauti ya mahali penyewe, na kuna muziki wa kumwonyesha mtazamaji pa kutoa machozi. "Mluzi ulikuwa unagombana na muziki, dada."

"Si mngefukuza muziki nyie!"

Mgeni njoo mwenyeji apone, na mbuzi tuliwachinjia. Nikauliza mluzi wenyewe uko wapi, basi.

"Tulishaufuta. Kompyuta ilijaa."

Niliporudi uani, baba alikuwa ameomba kipande kile kirudiwe. Kiti chake alikisogeza hadi karibu aguse runinga.

"Ongeza sauti, mwanangu," alisema kwa shida. "Nadhani iko chini."

Nikaongeza hadi mwisho. Kinanda kikajaa ua mzima, na baba akazidi kuinamisha sikio.