Kuku Aliyetuweka Ukingoni

Miaka thelathini niliendesha greda la kusawazisha barabara ya ukingoni Ngorongoro, na mke wangu, tuliyeishi naye Karatu hapo chini tu, hakuwahi kuiona kreta, lile bonde kubwa lenye ziwa na wanyama. Kila aliponiomba nilimjibu tutakwenda. Nilipostaafu, alikuwa ameshaanza kupata mtoto wa jicho. Hapo ndipo nikashikwa na kiherehere.

Nikajenga kibanda cha mbao nyuma ya pikapu yetu kuukuu, nikaweka kitanda na jiko, tukawa na nyumba ya kutembea nayo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, petroli inatafutwa kwa tochi. Niliyopata ilitosha kwenda na kurudi, basi. Asubuhi ya kuondoka, mwenzangu akatokea na kuku anayeatamia, kikapu kizima na mayai yake. Nilifoka. Akasema kuku aliyebakiza siku moja kuangua haachiwi jirani, akampandisha kitandani.

Msituni nilipanda nikiimba kama kijana. Tulipofika ukingoni nikamshika mkono, nikamsogeza mbele. Weupe mtupu. Akaniambia polepole, "Mzee, tumechelewa. Sioni kitu."

Moyo ulinipasuka. "Hata mimi sioni," nikamwambia. "Ni ukungu, mama watoto."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, ila nilikuwa na hasira na ukungu ule, na mimi mwenyewe zaidi.

Mmasai mmoja aliyepita na ng'ombe wake akatuambia huenda ukakaa siku tatu. Saa tano asubuhi ilipofika nikasema turudi, tutakuja siku nyingine, nikijua fika hakuna siku nyingine. Nikawasha gari. Mke wangu akagoma: yai la kwanza limeshatoboka, gari likitikisika kuku atapoteza vifaranga. Nikazima, nikanuna, nikachemsha chai.

Walikuwa wameshatoka vifaranga wanne jua lilipochomoza kesho yake. Ukungu ukaondoka kama shuka inayovutwa kitandani. Lo! Ziwa lote likang'aa kule chini. Mke wangu akanyoosha kidole.

"Naona maji," akasema. "Na ule weusi unaosogea, ng'ombe wa nani wengi hivyo?"

Nikamwambia ni nyati. Machozi yalinitoka na wala sikuyafuta.

Alitazama muda mrefu, kifaranga mmoja amemfunika kwa kanga. Kisha akasema bila kugeuka, "Miaka thelathini unayaona haya kila siku, mzee, mimi unaniletea vumbi la kufua."