Kigari cha Gofu cha Rebero

Mama alikuwa hajatoka chumbani tangu kiharusi kimpoozeshe upande wa kushoto. Kiti cha magurudumu tulikuwa nacho, lakini nani asukume kiti kwenye njia zetu za Ngara, mawe matupu na mifereji ya mvua? "Nitafia humu kama kuku anayeatamia," alikuwa akisema, na maneno hayo yaliniudhi kwa sababu yalikuwa kweli. Kitu alichotaka ni kimoja tu: alione tena kanisa kwa macho yake mwenyewe, asiletewe habari. Basi Hamisi, mtoto wa jirani yetu anayefanya kazi ya mizigo Kigali, aliponipigia kwamba kuna kigari cha gofu cha umeme kinauzwa, kimetumika lakini mlima kinapanda, nilifunga begi siku hiyohiyo.

Asubuhi, Rusumo. Pasi ikagongwa muhuri, nikapanda basi upande wa pili wa daraja. Nimevuka pale mara nyingi na bado nashtuka basi likishika kulia, kinyume na kwetu. Mvua ilitukuta Kayonza ikatusindikiza mpaka mjini Kigali.

Mchana, Gisozi. Hamisi alinipeleka moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya maduka ya vitanda na makochi. Kigari kilikuwa pale kinawekewa nguzo mpya ya paa.

"Ilianguka kidogo kwa barabara," fundi akasema. "Sasa iko nzima, muzee. Panda ujaribu."

Nikapanda. Kilinipandisha kile kilima bila kulalamika, nami nikamwona mama kabisa, kitenge chake cha Jumapili, ameketi pembeni yangu. Nikampigia Claudine, dada aliyekuwa anakiuza.

"Ilikuwa ya baba," akasema.

"Jamani, pole sana kwa msiba."

Akasema, "Asante."

Jioni, Rebero. Tulifika kwa Claudine na kigari juu ya pikapu, na vinywaji miguuni pangu. Kwetu, na kwao vilevile, kitu kikubwa hakiuzwi midomo ikiwa mikavu. Mnunuzi analeta vinywaji, mashahidi wanakunywa, na mwenye mali akishakunywa, hana tena la kudai. Nilimlipa Claudine uani, mbele ya Hamisi na mlinzi. Chupa ya kwanza ilipofunguliwa, sauti ikatoka ndani.

"Claudine! Wameleta gari langu?"

Akatoka mzee kwa magongo mawili, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, viatu vyeusi vinang'aa. Mungu wangu! Marehemu wangu huyo, anatembea. Nikamgeukia Claudine kwa hasira.

"Alitoka peke yake mpaka barabara kubwa," akaninong'oneza. "Akaanguka nayo. Lori ilimukosa kidogo tu. Mimi niko kazini siku yote. Nifanye nini? Nilimwambia iko kwa fundi."

Mzee alikuwa ameshaziona chupa. Kumbe alikulia Karagwe, enzi za ukimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Mnakunywa kwa ajili ya nini?"

Mlinzi akaificha chupa nyuma ya mgongo.

"Basi, gari limeuzwa. Kanunua nani?"

"Mimi, mzee. Ni kwa ajili ya mama yangu. Hawezi kutembea."

"Mpe pole."

Pale ndipo nilipopaswa kumuaga na kuondoka mikono mitupu. Nilimfikiria mama, nikampa mzee chupa ya fanta.

"Nitafungua mwenyewe," akasema. "Kwanza kishusheni. Nifike getini."

Tukakishusha. Aliendesha polepole, chupa mapajani, nami nikabaki nyuma na Claudine aliyekuwa anafuta macho kwa kiganja. Getini mzee alisimama, akaitazama barabara, kisha akageuza. Aliposhuka, mikono ilikuwa imeshika magongo tu. Nikadhani amekunywa. Kusema kweli, nilitaka kudhani hivyo.

Kesho yake, Ngara. Majirani walitoka kwa vigelegele. Tulimbeba mama, kitenge cha Jumapili mwilini, tukamkalisha. Akapapasa kila kitu kwa mkono wake mzima.

"Mwenyewe yu hai?" akauliza.

"Yu hai, mama."

"Alikunywa?"

"Alikunywa."

Mkono wake ulikuwa umeingia kwenye kimfuko kilicho chini ya usukani. Ukatoka na chupa ya fanta, imejaa, kizibo bado juu yake. Vigelegele vikakatika.

"Umelipa," mama akasema, "lakini hujanunua. Nirudishe ndani."

"Mama, twende hata kanisani mara moja tu, halafu..."

"Kwa miguu ya nani?"

Nikambeba. Alikuwa mwepesi mno. Alilia akiwa begani kwangu, nami nililia, sioni aibu kusema.

Sasa majirani wananiuliza safari imenifunza nini. Imenifunza kuuliza aliyekufa ni nani kabla sijatoa pole.

Nilimpigia Claudine kumwambia nakirudisha.

"Fanya haraka," akasema. "Baba amekataa kuvua viatu. Amelala navyo, anangoja gari yake."