Kuku wangu wa simu walivyokufa njaa Kongo

Salaam wakuu. Niko Bwera, Uganda, hapa mpakani na Kongo, ndani kama kawaida. Hapa siongezi chumvi, maana mke wangu naye anasoma humu, ataniumbua.

Mwaka jana nilijiunga na darasa la ufugaji la online. Mimi nimeishia sekondari na kutoka nje sipendi. Nikaona elimu imenifuata kitandani.

Mwalimu, Madamu Biira, yuko Kasese. Sisi tuko kwenye simu. Akatuwekea gemu: kila mwanafunzi ana banda na kuku wake humo. Uwalishe kabla ya saa mbili asubuhi. Ukichelewa, mmoja anakufa. Ukimaliza darasa na nusu yao hai, unapewa vifaranga wa kweli.

Wakuu, niliwataka wale vifaranga. Nilishawatangazia mpaka wakwe.

Basi kila asubuhi simu inasema saa moja na nusu, nalisha. Na kila asubuhi kuku mmoja chali. Group ya darasa ikawa inanitumia rambirambi.

"Baba Asha, hata kuku wa picha wamekushinda?" Huyo ni mke wangu, si adui.

Nikaanza kuwashuku wanafunzi wenzangu wa kule Karusandara kwamba wananiroga kwa app. Msicheke.

Siku moja jirani yetu Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo, akaja kuazima ungo. Akaiona simu yangu.

"Weye papa Asha, simu yako iko Kongo! Kwetu saa iko nyuma."

Kumbe dirisha la chumbani linatazama mpaka. Simu inashika mtandao wa ng'ambo, saa inarudi nyuma lisaa lizima. Mimi nalisha kwa saa ya Kongo, kuku wako Kasese, kwa saa ya Uganda, wanasubiri hadi wanakata roho.

Nikamtumia Madamu voice note ya kilio. Alijibu akicheka: "Nakupa banda jipya. Ila mzee, kaa Uganda."

Nikahamia jikoni, saa nikaiseti mwenyewe. Alikufa mmoja tu. Siku hiyo nilipitiwa na usingizi, Kongo haihusiki.

Vifaranga wakaja kwa boda. Hao hawajui saa ya nchi yoyote! Wakisikia njaa wanapiga kelele mpaka jirani anagonga. Sasa natoka nje kuliko mchunga mbuzi.

Funzo: gemu inafundisha kweli, ila mwalimu aulize kwanza simu ya mwanafunzi imelala nchi gani.

Walimu wa online mliomo humu, mnasemaje? Na wa Karusandara, nisameheni hapo chini.