Nani Kazima Jua la Kilambo

Uvumilivu wangu uliisha siku mama yangu alipotoka shambani kuja kuona picha yangu kwenye maonyesho ya kituo cha sanaa hapa mjini. Akaisogelea, akarudi nyuma, akaniuliza: "Mwanangu, huku ni wapi? Mbona kiza? Nani kafa?"

Ilikuwa Kilambo, ukingo wa Ruvuma, anakolima mihogo tangu hajanizaa!

Picha ile imechapwa kwa bamba la shaba nililolichora kwa sindano, mtoto mgongoni akinivuta hereni. Kila mstari naujua. Iliyobanana ni mikorosho, ndiyo inayoleta kivuli. Iliyoachana ni maji. Mchanga sikuuchora kabisa. Saa saba mchana pale mchanga unaumiza macho, kwa hiyo nikauachia weupe wa karatasi. Nikalichovya bamba kwenye tindikali, ikaing'ata mistari vizuri. Kilichobaki ni kupaka wino, kuufuta kwa kitambaa ubaki ndani ya mistari tu, kisha kupitisha bamba na karatasi kwenye mashine.

Siku ya kuchapa mtoto akashikwa na homa, nikabaki nyumbani Rahaleo. Mwalimu wetu wa pale kituoni akanichapia yeye. Akafuta nusunusu, akaacha wino umetanda bamba zima kama masizi ya sufuria.

Nikamfuata palepale ukumbini. "Mwalimu, nani kazima jua langu?"

"Dada, punguza hasira. Nimeongeza hisia kidogo tu. Mistari mitupu inakuwa mikavu."

"Ni kiangazi! Ulitaka iwe na matope?"

"Wageni wanapenda picha yenye huzuni."

"Basi wakachore kwao!"

Mama, kampakata mjukuu wake, akadakia: "Baba, mchanga ule unaunguza nyayo. Wewe umewahi kufika?"

Mwalimu akakohoa. Hajawahi.

Nikamchukua mtoto, analia, nikapanda naye ofisini. Karani akauliza nalalamikia nini: wizi, lugha chafu, au choo? Nikamwambia aandike giza. Akagoma. Nikaandika mwenyewe, nikasaini, nikasimama pale mpaka akagonga muhuri:

"Mimi, mchoraji wa picha ya Kilambo, nalalamika kwamba mwalimu ameigeuza saa saba ya mchana kuwa magharibi bila idhini yangu. Mama mzazi ameshindwa kulitambua shamba lake. Naomba picha ishushwe leo na nipewe bamba langu nilifute wino mwenyewe. Kitambaa ninacho."