Sweta Lililonipa Mtoto Isongole

Nilitumwa Isongole kwa sababu Atupele alikuwa hapokei simu. Hilo si jina lake. Safari hii ameniruhusu kuisimulia, jina akabaki nalo. Ni mmoja wa kina mama wanaosaidiwa na shirika letu dogo hapa Tunduma, wanaoishi na virusi vya ukimwi na kutaka watoto wao wasiwe navyo. Alimeza dawa tangu mimba bila kuruka, mtoto naye akapewa za kwake, na vipimo vya mwanzo vikatoka vizuri. Kilibaki cha mwisho, kile cha baada ya mtoto kuacha kunyonya. Siku ya kipimo ilipofika, Atupele akamuaga jirani kwamba anakwenda kwao kuvuna, na kliniki hawakumwona tena.

Sista, muuguzi wake, akaniita. "Kamlete. Na kwao hawajui hali yake, umenielewa? Mdomo wako naujua."

"Sista, hata nikikanyagwa na lori la kontena, sisemi."

Asubuhi nikaondoka Tunduma. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imeanzia, naapa, Dar es Salaam. Mkononi nilikuwa na sukari, maana nyumba ya watu haiingiwi mikono mitupu, na sweta jekundu la mtoto alilolifuma Sista. Nilivaa shati langu la mahafali ya masomo ya jioni, shati ambalo limeona kitabu kimoja na usingizi mwingi.

Kwenye njia panda ya Mpemba nikaiacha barabara kuu na kupanda gari la Ileje. Milima ya huko imesimama wima kiasi kwamba mkulima akidondosha jembe analifuata Malawi. Na baridi! Nilipiga chafya, nikahisi imeganda kabla haijatoka.

Isongole nilifika mchana. Bodaboda akanishusha kwenye nyumba ya matofali yenye mahindi yaliyoanikwa uani. Mama yake Atupele alikuwa anapukuchua, na kando yake amekaa kaka yake, mzee mrefu ambaye kila mtu pale alimwita Mjomba.

"Karibu, baba. Umetoka wapi?" akauliza mama.

"Tunduma, mama. Namtafuta Atupele. Tunafahamiana."

Mjomba akaipokea sukari. Akaufungua mfuko wa pili, akalitoa sweta, akalikunjua polepole. Wakati huo Atupele alikuwa anaingia kutoka shambani, mtoto yuko chini anatembea. Mjomba akamvuta mjukuu, akamvisha. Likamkaa kama kashonewa mwilini.

"Sukari sawa," akasema Mjomba. "Kila mgeni huja na sukari. Lakini kipimo cha mwili wa mtoto huyu, wewe umekitoa wapi?"

Nikajifanya natazama mahindi. Mjomba akamgeukia mama.

"Dada, achana na mahindi. Ndiye huyu. Yule aliyemtelekeza mtoto wetu na mimba."

Nikageuka kumtazama Atupele. Macho yake tu ndiyo yaliyoniomba. Nikikataa, swali linalofuata ni moja: basi umefuata nini?

"Ndiyo, Mjomba," nikasema. "Nimechelewa kidogo."

"Kidogo? Mtoto anatembea!"

Ndugu zangu, nilitukanwa kwa Kindali na kwa Kiswahili, na nadhani Mjomba aliongeza lugha nyingine ya kwake mwenyewe. Mama akanikagua usoni. "Na pua hii mtoto hakuichukua. Mungu ni mwema." Hukumu ikatoka: nilete ng'ombe. Mimi, ambaye hata kuku wa nyumbani ni wa mke wangu.

"Nitaleta," nikasema. "Ila kwanza niwachukue, wakaonane na watu wangu Tunduma."

Mjomba akakubali. Tukalishwa ndizi na maharage, maana hata mkwe mbaya halali njaa pale.

Asubuhi iliyofuata, ndani ya gari, Atupele alinigeukia tulipoiona Mpemba.

"Kaka, samahani kwa matusi yale."

"Usijali. Mengine nimeyahifadhi, nitayatumia."

Akacheka kidogo, kisha akamkumbatia mtoto. "Niliogopa. Nikiwa sijapima, mwanangu ni mzima. Nikipima, wanaweza kuniambia si mzima."

Nikambebea mfuko.

Kliniki, Tunduma. Sista akawaingiza chumbani, akafunga mlango. Mimi majibu ya mtu si haki yangu, basi nikakaa kwenye benchi. Nadhani ndevu ziliniota, zikapata mvi pale pale. Kwanza nikamsikia mtoto akilia, amechomwa kidole. Akanyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Atupele alikuwa analia.

"Hana," akasema. "Kaka, mwanangu hana!"

Nilipiga ukelele, nadhani hata forodha ya Zambia waliusikia. Mlinzi akaja mbio na rungu. Sista akanifukuza nje, naye anafuta macho kwa kanga ya mtoto.

Nyumbani mke wangu aliniuliza safari ilikuwaje. Nikasema milima ni mizuri sana. Sikuwa na ruhusa ya kusema zaidi. Nimebeba magunia ya mahindi, lakini hakuna mzigo ulionielemea kama kunyamaza siku zile. Hapo ndipo nilipojua Atupele alikuwa amebeba nini muda wote mbele ya mama yake.

Mavuno yalipokwisha, Atupele akarudi kwao na kumweleza mama yake yote kwa mdomo wake. Wakalia pamoja, akaniambia, kisha mama akamwita Mjomba. Aliporudi Tunduma aliniletea debe la maharage na salamu za mzee:

"Mwambie yule baba wa uongo, ng'ombe tumemsamehe. Ila sweta limeanza kumbana mtoto. Alete lingine."

Sista ameshaanza kufuma. Kulipeleka nitalipeleka mimi.