Karatasi ya Nyumba ya Gervasi

Gervasi alikuwa fundi wa sabuni. Alichemsha mawese na magadi kwenye pipa, akakata vipande kwa uzi wa wavu, na nusu ya mtaa wetu wa Bangwe ilifulia sabuni yake. Yeye na mkewe Honorata walitukimbilia mwaka tisini na tatu kwa mtumbwi, wakati watu wakiuawa kwao Burundi.

Hakutaka kambi. Alipata kibali cha kukaa mjini, cha miezi mitatu mitatu. Kila kilipokwisha alipanga foleni kutwa, na akirudi Honorata alimngoja mlangoni na neno moja tu: "Wamekupa?"

Siku moja alikuja kwangu. Mimi shule niliishia darasa la nne, mengine nilijifundisha, kwa hiyo watu waliniletea karatasi zao.

"Shikamoo mzee. Nataka kununua nyumba ya mama Yunisi."

"Marahaba. Kupanga kumekushinda?"

"Mpangaji huulizwa kibali. Mwenye nyumba nani atamuuliza?"

"Basi ukishakuwa mwenye nyumba utashusha bei ya sabuni."

"Nitapandisha, mzee. Mwenye nyumba ana gharama."

Wakati ule kiwanja kiliuzwa mbele ya watu. Muuzaji alitoa mtungi wa pombe ya ndizi, mashahidi wakaketi na mirija yao, na kabla mnunuzi hajapewa mrija alisimama mpakani akataja jina lake, la baba yake, na kilima alikozaliwa. Asipotaja, hakuna aliyekunywa. Gervasi alitaja kilima chake cha Burundi kwa sauti ya kusikika barabarani, kisha tukapanda minyaa ya mpaka.

Nilipoanza kuandika, jirani yetu Dismasi aliniinamia. "Mzee, hicho kilima kiache. Andika tu ni mtu wa hapa."

Nilimkemea. Nilimwambia karatasi isiyo na kilima ni ya mwizi. Nikaandika kila kitu kwa mwandiko wangu mzuri, na mashahidi tisa tukatia dole gumba au sahihi. Gervasi aliitia karatasi kwenye fremu ya kioo.

Mwishoni mwa mwaka tisini na saba lori lilikuja kukusanya wakimbizi waliokuwa nje ya kambi. Kirundi na Kiha chetu vinasikilizana, kwa hiyo wengi walisema wamezaliwa Mwamgongo, kijiji cha upande wetu, majirani wakaitikia, wakaachwa. Dismasi alimnong'oneza Gervasi, "Sema Mwamgongo, tutakuitikia."

Gervasi akaingia ndani, akarudi na fremu.

Ofisa alisoma taratibu. "Hapa pameandikwa wewe ni wa Burundi. Na mgeni hamiliki ardhi nchi hii."

"Nimenunua, bwana. Hawa walikunywa."

"Walikunywa nini?"

Gervasi alitugeukia. Mashahidi saba tulikuwa pale. Kila mmoja alitazama chini, na mimi niliyeandika nilitazama chini kuliko wote. Honorata alipanda lorini nyuma ya mumewe na pipa la sabuni likabaki jikoni, bado la moto.

Baada ya miezi mitano niliwafuata kambini na karatasi mpya. Niliandika kwamba Gervasi amezaliwa Mwamgongo, na baba nilimtafutia mwingine. Honorata aliniona kwa mbali.

"Wamekupa?" aliuliza.

Gervasi aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia. "Asante, mzee. Lakini ni wewe uliyenisimamisha mpakani. Baba yangu sasa nimwache wapi?"

Honorata alitugeuzia mgongo. Alifia hukohuko masika yaliyofuata. Gervasi alirudishwa kwao, na sijasikia habari zake tena.

Nyumba ilikaa tupu miaka mingi. Juzijuzi watoto wa mama Yunisi waliiuza upya kwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa hapa. Walipigiana simu, wakatumiana picha, kazi ikaisha. Hakuna mtungi, hakuna aliyesimama popote. Huyo bwana sijui hata baba yake ni nani, na ananipita kila asubuhi.

Jana alinikuta penye uzio. "Mzee, hii minyaa alipanda nani? Nataka kuing'oa nijenge ukuta."

Nilisimama. Nikamtajia Gervasi, nikamtaja baba yake, nikataja na kilima, kwa sauti kubwa, jinsi nilivyotakiwa kufanya siku ile ya lori.

"Sawa, mzee," alisema, na kuendelea kupima kwa futi.